Yesu Hakuuliza Nani Kamroga Lazaro

Mchungaji anayemwambia binti aliyefiwa kwamba bibi yake ndiye aliyemla mama yake hamwamini Kristo Mfufuka. Anaweza kuwa na kanisa lenye bati jipya, spika nne na kwaya ya sare. Anaweza kukesha akiomba mpaka koo likauke. Hamwamini. Anachokiamini ni kifo. Kifo ndicho kinachomjazia viti na kapu la sadaka, na kila Jumapili anakitumikia huku akitaja jina la Yesu.

Naandika haya nikiwa Tabora na sina sababu ya kuuma maneno. Julai 2017, katika kijiji cha Uchama wilayani Nzega, wanawake watano waliuawa na miili yao ikachomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Watu zaidi ya 30 walifikishwa mahakamani. Miaka mitatu kabla ya hapo, Oktoba 2014, majirani zetu wa Murufiti, Kasulu, waliwazika watu saba waliouawa kwa tuhuma hizo hizo, na mganga wa kienyeji alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Injili imehubiriwa katika ukanda huu kwa zaidi ya miaka 140. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita White Fathers, walifika Tabora mwaka 1878. Wamisionari wa London waliweka kituo Urambo kwa mtemi Mirambo mwaka uliofuata, na Wamoravian wakakichukua mwaka 1898. Miaka 140 ya ubatizo, kipaimara, ekaristi na mikutano ya hadhara, na bado mama mzee wa Nzega anafunga mlango wake jioni akiwaogopa wajukuu wa majirani zake kuliko anavyowaogopa fisi.

Mauaji hayaanzi na panga. Yanaanza msibani, kwa maneno manne tunayoyajua sote: kuna mkono wa mtu.

Nilikwenda kuhani msiba mmoja upande wa Urambo, msimu wa kukausha tumbaku. Marehemu alikuwa kijana wa bodaboda, aliugua homa muda mfupi akafa. Wanawake walijaa kwenye mikeka chini ya mwembe, wamebanana bega kwa bega. Shangazi wa marehemu alikuwa peke yake karibu na mafiga, juu ya kigoda. Alikuwa amepewa uji kama wengine, akanywa, akakiweka kikombe chini. Binti aliyekuwa akikusanya vyombo alipofika pale alichukua cha kulia, akachukua cha kushoto, kile akakiruka. Mama yule alikiona kikombe chake kinavyorukwa. Akajifanya anatazama mahali pengine.

Macho yake yalikuwa mekundu, na kila mtu pale alikuwa na maelezo yake juu ya wekundu ule. Hakuna aliyesema ukweli ulio wazi kwa yeyote aliyelima tumbaku: kwamba mama huyu amechochea moto wa bani la kukaushia tumbaku usiku kucha msimu baada ya msimu, na asubuhi akaingia kupikia kuni mbichi ndani ya jiko lisilo na dirisha. Moshi unaumiza macho. Huhitaji ufunuo kulijua hilo. Lakini mhubiri aliposimama alisema amefunuliwa kwamba adui wa familia hii yuko hapa hapa, amekula nasi na kunywa nasi, na kwamba Bwana atamwanika kabla ya arobaini. Hakutaja jina. Hakuhitaji. Vichwa viligeuka vyenyewe kuelekea kwenye mafiga.

Hiyo ni ramli. Kushika Biblia mkononi wakati unaipiga hakuibadilishi. Mwaka 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino kuitia nchi yetu aibu mbele ya dunia, Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli chonganishi na polisi wakawasaka kanda yote ya Ziwa na Magharibi. Lambalamba, yule mganga anayezunguka vijijini akisaka wachawi, anajua leo kwamba akiingia kijijini na tunguli zake kuna mtu anaweza kupiga simu kituoni. Nabii mwenye suti anapiga ramli ile ile kwenye kipaza sauti, mchana, mbele ya diwani na mwenyekiti wa kijiji, na sisi tunamwita mtumishi.

Nendeni mkasome upya habari za Bethania. Lazaro amekufa, yuko kaburini siku ya nne. Dada zake wana uchungu, na Martha anamlaumu Yesu waziwazi kwa kuchelewa. Nyumba imejaa waombolezaji. Hapo ndipo nabii wetu wa siku hizi angeanza kazi: angefumba macho, angetetemeka, angesema anaona mwanamke wa makamo, mweusi, kajifunga kitenge, anatokea upande wa baba. Yesu hakuuliza nani kamroga Lazaro. Alilia. Kisha akaenda kaburini, akaagiza jiwe liondolewe, akamwita rafiki yake kwa jina. Na Lazaro alipotoka, mikono na miguu ingali imefungwa sanda, Yesu aliwaagiza watu waliosimama pale wamfungue. Sanda aliwaachia majirani. Uhai ulitoka kwa Mungu, lakini mikono iliyomrudisha mtu yule kwa watu wake ilikuwa mikono ya kijiji.

Ndivyo alivyofanya hata katika kifo chake mwenyewe. Akiwa msalabani, pumzi zimebaki chache, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi na mwanafunzi kwa mama: wakati sisi tunavunja ukoo kwenye kifo, yeye alikuwa anaunda ukoo. Na alipofufuka, kama kuna mtu aliyewahi kuwa na haki ya kurudi na orodha ya wabaya wake, ni yeye. Walimkimbia. Petro alimkana mara tatu. Akawakuta ufukweni, akawa amewasha moto, akawapa samaki na mkate, kisha akamuuliza Petro jambo moja tu, kama anampenda, na akamrudishia kazi. Yohana alijifunza vizuri somo lile. Katika waraka wake wa kwanza, kipimo anachotupa cha kujua nani amekwisha kuvuka kutoka mautini si ndoto wala kunena kwa lugha. Ni kama mtu anawapenda ndugu zake. Asiyependa anamhesabu kuwa bado yumo kaburini, hata kama anahubiri.

Waraka kwa Waebrania unasema jambo ambalo mtu wa Tabora anapaswa kulisikia kwa namna ya peke yake: kwamba hofu ya mauti iliwaweka wanadamu utumwani maisha yao yote, na Kristo akaingia katika kifo ili awatoe huko. Utumwani. Sisi tunaishi juu ya njia ya watumwa. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni karibu kilomita 1,200, na Tabora, ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwa jina la Kazeh, ilikuwa kituo chake kikuu cha kati. Vitambaa, shanga na bunduki vilifika hapa kutoka pwani; pembe za ndovu zilifika hapa kutoka ng'ambo ya ziwa; na wanadamu waliofungwa shingo walipita hapa. Ukienda Kwihara, nje kidogo ya mji, utaonyeshwa tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Inafaa kulitazama. Lakini inafaa zaidi kukumbuka utumwa ulimfanya nini mtu. Haukumpiga tu. Ulimkata: na mama, na jina, na kaburi la babu, na kila mtu ambaye angemwita mwanangu. Aliyeshindwa kutembea aliachwa porini, akafa pasipo wa kumfukia. Alikuwa amekufa kwa ndugu zake siku nyingi kabla hajafa kwa mwili.

Sasa mtazame Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, mbali kabisa na sisi, akatekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa. White Fathers walimkomboa Algeria, wakambatiza, wakampeleka Malta kusomea utabibu. (Wamisionari hao hawakuwa malaika, waliwakomboa watoto kwa fedha na kuwalea kwa mipango yao wenyewe, na historia ina haki ya kuwahoji.) Mwishoni mwa miaka ya 1880 Atiman alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa njia hii hii ya misafara kutoka pwani. Fikirini jambo hilo. Mtu aliyeuzwa utotoni anatembea kwa hiari yake juu ya njia ya watumwa, kuelekea bara, akiwa amebeba dawa. Alioa binti wa mtemi wa Wabende. Mwana wake Joseph akawa padri mwaka 1923. Alitibu watu wa Karema na kuwafundisha katekisimu kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956, na kaburi lake liko huko, katikati ya watu ambao hakuzaliwa nao na ambao walimlilia kama wao.

Huo ndio ushindi juu ya mauti ninaousema. Kifo cha Atiman wa kwanza, yule mtoto aliyepotea mikononi mwa mama yake, hakikupata neno la mwisho. Imani ilimpa mke, mwana, wagonjwa, wanafunzi, jirani. Leo mtoto wa Kaliua hahitaji mfanyabiashara wa watumwa kuja kumkata na ukoo wake. Anaingia kanisani saa nne asubuhi akiwa na bibi na shangazi wawili, na saa nane mchana anatoka hana hata mmoja.

Kisha kuna wale waliombeba Livingstone. Simtukuzi Livingstone hapa; nawatazama wao. Alipokufa kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873, watumishi wake Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao wangeweza kumfukia pale pale na kurudi kwao, na hakuna ambaye angewalaumu. Waliuzika moyo wake chini ya mti. Wainwright, aliyewahi kuwa mtumwa na kusomeshwa India baada ya kukombolewa, akasoma sala za maziko. Mwili wakauanika juani, wakaufunga ndani ya gome la mti, wakaubeba. Oktoba walifika hapa Unyanyembe. Cameron, afisa Mwingereza waliyemkuta, akawashauri wamzike hapa hapa. Walikataa.

Walipoondoka kuelekea pwani na kufika Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite katika nchi yao. Siwadharau wenyeji wale. Maiti ya mgeni ilikuwa jambo la kutisha. Nani ajuaye ingeleta nini. Basi wale vijana wakafunga mabua ya mtama ndani ya kitambaa kwa umbo la mwili wa mtu, watu sita wakayabeba kurudi upande wa Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika, na huko porini wakayatawanya. Mwili wenyewe ukafungwa upya kama robota la bidhaa za biashara na ukapita. Februari 1874 walikuwa Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili ukazikwa Westminster Abbey, London. Susi alikuwa Mwislamu wakati ule. Alikuja kubatizwa miaka mingi baadaye. Sisemi kwamba upendo ni mali ya kanisa. Nasema kwamba vijana wale, aliyebatizwa na asiyebatizwa, walishinda hofu ya maiti kwa sababu ya upendo, kwa zaidi ya miezi tisa, kwa miguu, na sisi wenye vyeti vya ubatizo tunashindwa kuosha kikombe alichonywea shangazi.

Tena njia hiyo ya misafara ilitufundisha zaidi ya hayo. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulikua juu yake. Mpagazi Mnyamwezi aliyeugua Uzaramo, mbali na ndugu zake wote, alikuwa na watani: watu wa kumpa maji, na akifa, watu wa kuchimba kaburi, kumzika, na kuwachekesha waliobaki mpaka wale chakula. Mpaka leo kwenye misiba yetu mtani anaweza kujilaza kaburini akidai alipwe kwanza, na mjane anajikuta anacheka katikati ya machozi. Babu zetu wa misafara walichukua watu wasiojuana kabisa wakawafanya ndugu wa maziko. Sisi tumechukua ndugu wa tumbo moja na kuwafanya watu wasioweza kukaa mkeka mmoja.

Na kuna uongo mmoja ambao nauona mbaya kuliko yote: habari za misukule. Mzazi aliyemzika mwanawe anaambiwa kwamba hakumzika. Kaburini kuna mgomba. Mwanao yuko hai, amefichwa, analima usiku shambani kwa mtu, na mtu huyo ni wa ukoo wako. Njoo kwenye maombi ya siku 7, lete sadaka, atarudishwa. Nimewaona wazazi waliosubiri. Huwezi kumlilia aliyekufa, kwa sababu umeambiwa hajafa. Huwezi kumkumbatia aliye hai, kwa sababu umeambiwa ndiye mwizi. Anayehubiri hivyo ameiba ufufuko akauweka rehani. Tumaini letu la kuwaona tena waliolala katika Bwana amelifanya tishio dhidi ya jirani.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa mimi ni msomi niliyesahau Uafrika, kwamba uchawi upo, kwamba hata Biblia inautaja. Sina ubishi juu ya kama upo. Swali langu ni jingine, na nataka lijibiwe na kila anayejiita mlokole, Mkatoliki, Mmoravian, Mwanglikana, Mlutheri au Msabato: kati ya Yesu na shangazi yako, nani ana funguo za mauti? Kama ni Yesu, shangazi hawezi kuzitumia bila ruhusa, na hofu yako ni matusi kwa mwenye funguo. Kama ni shangazi, basi uache kuimba nyimbo za Pasaka, maana huziamini. Na kama kweli unashuku kwamba mtu amewekewa sumu au amepigwa, kuna daktari wa kuchunguza mwili na kuna polisi. Ushahidi wa jinai hauonekani katika maono ya mkesha.

Tusisahau pia shamba. Mara ngapi mwanamke anayetuhumiwa ni mjane mwenye ekari zake, asiye na mtoto wa kiume karibu, na mara ngapi sauti ya kwanza kusema kuna mkono wa mtu ni ya shemeji anayeyataka mashamba hayo? Mhubiri anapotabiri katika nyumba ya namna hiyo anamwekea muhuri wa Mungu mnyang'anyi. Ajue hivyo. Asije akasema baadaye kwamba yeye alikuwa anaomba tu.

Makanisa yetu yana silaha za kupambana na haya, na ziko kwenye ibada zetu wenyewe. Wamoravian wana desturi ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka, kabla jua halijachomoza, kwa matarumbeta na nyimbo. Ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, ikaja na wamisionari, na sasa ni yetu. Watu wanasimama kati ya misalaba ya saruji na vilima vya udongo, vingine bado havijaota majani, na wanatangaza kwamba Bwana amefufuka. Wanatangaza hapo hapo walipolia. Ningependa siku hiyo askofu au mchungaji awe na ujasiri wa kusema jambo moja zaidi, kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi ili bibi wa mwisho asikie: hakuna aliyelala hapa ambaye tutamwua mwenzetu kwa ajili yake. Wakatoliki wana Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, wanapokwenda kubariki makaburi. Waseme hivyo hivyo. Askofu anayeandika barua ya kichungaji kuhusu uchaguzi anaweza kuandika moja kuhusu Uchama.

Na msiishie kwenye barua. Mhubiri akisimama msibani akaanza kutafuta adui ndani ya ukoo, mzee wa kanisa amnyang'anye kipaza sauti pale pale. Akirudia, avuliwe huduma. Anayezaa nje ya ndoa anatengwa na kanisa. Anayewachonganisha watu mpaka damu imwagike anaendelea kualikwa kwenye semina. Kanisa lisiloweza kumwadhibu mtu huyo limekubaliana naye.

Nawe msomaji, unamjua wa kwako. Kuna shangazi, bibi au mama mdogo ambaye kwenu hamwendi kwake tangu msiba ule, na hakuna aliyewahi kueleza sababu kwa sauti. Nenda wiki hii. Usiende na mchungaji, wala usiende na maswali. Nenda na kilo ya sukari, msalimie, kaa, na akikupakulia chakula, kula.